Mbuzi wa Zamu ya Kuria

"Hapana, hicho kirudishe nyuma kidogo," Macharia alisema. "Shem alikaa pale karibu na mlango. Kama mtu aliyekuja kuomba kazi."

Inspekta Nakhumicha akakikokota kiti cha nne hadi mlangoni, kisha akakikalia. Mbele yake vilikuwa viti vitatu vitupu, na mbele ya viti hivyo meza ya Macharia. Alitaka kuona kile ambacho Shem Obuya aliona Jumanne ile. Aliona migongo mitatu ya viti na dirisha lenye majengo ya benki.

Chumba kilikuwa ghorofa ya nne, Upper Hill. Macharia alikuwa dalali mwenye leseni, na humu ndimo alimouzia nyumba za watu walioshindwa na mikopo. Jumanne ya wiki iliyopita aliuza nyumba moja ya Kileleshwa. Wanunuzi wanne walikaa kwenye viti hivi: Kuria, Mungai, Karanja na Shem. Alhamisi asubuhi mlinzi alimkuta Kuria chini ya ngazi za nyumba ileile, fuvu limepasuliwa kwa ubao. Sasa Shem alikuwa seli, na kesho angesomewa shtaka la mauaji. Adhabu ya shtaka hilo ni kitanzi.

"Hawa wanne ulijua ni kundi moja?" Nakhumicha aliuliza.

"Madam, dalali asiyejua hilo afunge ofisi akauze mitumba." Macharia alikuwa mtu mnene, tai yake imelegezwa. "Kila nikipiga mnada wako hapa. Mmoja anainua mkono, watatu wanaangalia viatu vyao. Nyumba ya milioni kumi inaenda kwa sita. Mnada unaofuata, mwingine anainua. Wanaita zamu. Kama chama cha kina mama, isipokuwa hawa wanazungusha nyumba za watu badala ya sufuria."

"Na wewe ukafanya nini?"

Macharia akakitazama kiti kilichokuwa cha Kuria. "Nilibadilisha mnada. Nilitangaza gazetini Jumatatu: hakuna kupiga kelele, kila mtu alete bei yake kwa bahasha iliyofungwa. Wazo nililipata kwa semina. Mwalimu mmoja wa chuo alitufundisha kitu kinaitwa nadharia ya michezo. Nilidhani atatuongelesha mambo ya mpira."

"Nieleze kama alivyokueleza."

"Alisema hivi. Kwa mnada wa mdomo, watu waliopatana wanalindana kwa macho. Mmoja akijaribu kusaliti, mwenye zamu anamwona palepale, anapandisha bei, anamshinda. Msaliti anakosa nyumba na anakosa marafiki. Kwa hivyo hasaliti, na si ati ni mwaminifu. Ni vile hailipi." Akainua kidole. "Lakini kwa bahasha kila mtu yuko peke yake na kalamu yake. Mwenye zamu ameandika bei ya chini, akiamini wenzake wameandika ya chini zaidi. Anayejua bei ile anaongeza kidogo tu, kwa jina la mtu mwingine. Nyumba imeenda, na hakuna mkono ulioonekana."

"Na ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo. Kuria alishindwa na kampuni ambayo sijawahi kuisikia. Alishindwa kwa unywele, Madam. Kama mtu alichungulia."

Nakhumicha alijua habari za kampuni hiyo. Ilikuwa ya karatasi, imesajiliwa na wakili mmoja wa mjini, na wakili huyo alikataa kumtaja mwenye kampuni bila amri ya mahakama. Amri ingechukua wiki nzima, na Shem hakuwa na wiki.

"Nani kati ya hawa watatu alijua bei ambayo Kuria angeandika?"

"Wote. Bei wanakubaliana pamoja, hiyo ndiyo sheria yao." Macharia akajifuta uso. "Nilitaka tu benki ipate bei nzuri. Sikujua mtu atakufa."

"Ulipozifungua bahasha, Kuria alifanya nini?" Nakhumicha aliuliza.

"Alitoka hapo koridoni akamnyooshea Shem kidole. 'Ni wewe umetuuza! Nilikataa tusichukue mtu wa kuja!' Baada ya zile fujo za makabila za uchaguzi, unajua maneno kama hayo yanavyokata. Shem alitaka kumrukia. Mungai ndiye aliwatenganisha, ni mzee wa kanisa. Karanja alisimama tu kama mlingoti."

"Kisha wakaenda wapi?"

"Kila mtu kivyake. Siku zingine huwa wanaenda Kenyatta Market kula. Mwenye zamu huwachomea mbuzi mzima kwa Kivuva, mchoma nyama wa pale. Siku hiyo, wapi! Nani angemeza?"

Nakhumicha akasimama, akavirudisha viti vyote vinne ukutani kimoja kimoja. Kituoni kila mtu aliamini kuwa Shem aliua kwa sababu ya tusi lile. Inawezekana. Shem mwenyewe alikiri kwamba Jumatano jioni, aliposikia Kuria ameenda kuitazama nyumba aliyoikosa, alimfuata Kileleshwa wasafishiane jina, akabisha lango, akaondoka bila kufunguliwa. Lakini kuna mtu aliyechungulia bei, na mtu huyo alikuwa na sababu nzito kuliko tusi.

*

Pale Kenyatta Market moshi ulikuwa umetanda mpaka kwenye vibanda vya kusukia nywele. Msusi mmoja alimshika Nakhumicha mkono. "Madam, kuja nikutengeneze hiyo kichwa! Utatoka hapa bwana yako akuulize wewe ni nani."

"Siku nyingine, mrembo."

"Hiyo siku nyingine ndiyo imekumaliza nywele za mbele!"

Wasusi wakacheka, na Nakhumicha akacheka nao huku akipita. Kivuva alikuwa nyuma ya kaunta akikata mbavu juu ya gogo.

"Sasa, Madam. Mbavu ama mguu?"

"Maswali." Akamwonyesha kitambulisho. "Wale watu wanne wa minada. Mbuzi wao wa Jumanne ile ulimchoma saa ngapi?"

Kivuva akaweka shoka chini. "Huyo hakuchomwa. Alighairiwa."

"Baada ya mnada?"

"Mnada gani? Asubuhi! Kuria aliagiza Jumatatu jioni, akaacha kishika uchumba, pesa kidogo za mwanzo. Jumanne nimeamka, nimewasha makaa, nimeshika mbuzi pembe hivi, kisu kiko mkono huu. Simu ikalia. Mtu akasema, 'Mbuzi wa Kuria usichinje, leo hakuna sherehe.' Nikamwachilia mnyama. Alikuwa na bahati kuliko mwenyewe."

"Una hakika ilikuwa asubuhi?"

"Madam, mbuzi mzima nikianza saa sita, hao watu watakula saa ya ibada ya jioni. Lazima nianze asubuhi."

Bahasha zilifunguliwa adhuhuri. Nakhumicha akalipanga jambo hilo akilini polepole. Mtu fulani, wakati Kuria bado anavaa shati lake la ushindi, alijua kwamba hakutakuwa na ushindi.

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Kwa hizi kelele? Nilidhani ni Kuria mwenyewe, maana ndiye aliagiza. Namba ilikuwa ya simu ya kibandani, zile za kulipia."

"Sasa niambie. Mbuzi akishachinjwa, na mwenye zamu akose nyumba, nani analipa?"

"Hapo ndipo huwa na kelele," Kivuva alisema. "Mwenye zamu akishinda, mbuzi ni wake. Akikosa, mbuzi ni wa kikundi. Inatoka kwa mfuko wao. Mara moja ilitokea, mwaka juzi. Mungai alinibembeleza hapa nimpunguzie mpaka nikataka kulia. Ndiye mweka hazina wao. Huyo mzee akikupa salamu, anahesabu vidole akiondoka."

"Na kishika uchumba cha Kuria?"

"Aliyepiga simu alisema atatuma mtu akichukue. Jumatano akaja yule mrefu, Karanja. Nikampa."

"Alisema ametumwa na nani?"

"Sikuuliza." Kivuva akashika shoka lake tena. "Kwani mimi ni polisi?"

*

Bwana Jamleck, mkuu wa upelelezi kituoni, alisikiliza yote akiwa anakunywa chai. Alipomaliza kusikiliza alimaliza na chai.

"Kwa hivyo nimwachilie mtu aliyekubali kwamba alikuwa langoni pa nyumba alimofia marehemu, kwa sababu kuna mbuzi hakuliwa."

"Aliyemghairi mbuzi ndiye aliyemuuza Kuria, afande. Alikuwa amesuka mpango wote, wakili, kampuni, bei. Halafu asubuhi hiyo mkono ukamponyoka. Alijua mbuzi atakuwa gharama ya kikundi, na hakuweza kuvumilia. Ni mazoea ya miaka."

"Mungai."

"Huenda. Lakini aliyechukua pesa ni Karanja. Kama nikimkamata Mungai leo, atasema ni Karanja. Karanja atasema ni Mungai. Ama watanyamaza wote wawili, na kunyamaza ndiko kunawafaa zaidi, maana Shem yuko ndani tayari."

Jamleck akakizungusha kikombe kitupu. "Unajua watu watasema nini. Nakhumicha anamwokoa mtu wa kwao."

"Watasema."

"Mimi sijasema."

"Nimesikia, afande. Atakayezungumza kwanza, naweza kumwahidi nini?"

"Kama si yeye aliyepiga ubao, anaweza kuwa shahidi. Mmoja tu. Sitaki watu wawili wa kunisimulia na hakuna wa kushtaki." Jamleck akasukuma kikombe. "Kesho saa tatu gari linaondoka kwenda mahakamani. Ukinipa mwingine wa kupanda, nitashukuru. Usiponipa, Obuya anapanda."

*

Waliletwa alasiri, kila mmoja kwa safari yake, na kuwekwa vyumba tofauti.

Mungai alikaa wima, kofia juu ya goti. Mvi zake zilichanwa vizuri. Alimwita Nakhumicha "binti yangu" mara ya kwanza, na alipotazamwa akabadilisha kuwa "Inspekta."

"Mbuzi? Sijui habari za mbuzi. Jumanne ile mimi nilikuwa nikimwombea Kuria apate nyumba."

"Karanja alichukua kishika uchumba kwa Kivuva."

"Basi muulize Karanja."

"Niko njiani kumwuliza. Yuko chumba cha pili. Nitamwambia jambo nililokuja kukwambia wewe: atakayenieleza ukweli kwanza atakuwa shahidi. Wa pili atakuwa mshtakiwa."

Mungai akatabasamu bila kuonyesha meno. "Inspekta, nimeweka pesa za watu tangu nikiwa kijana, na haijawahi kupotea shilingi. Unajua kwa nini watu wananiamini? Sikimbilii kitu. Nenda kwa Karanja. Yule ni kama mtoto wangu."

Karanja alikuwa mrefu hata akiwa ameketi. Alikuwa na duka la vyuma Kangemi, na mikono yake ilikuwa na makovu ya kuchomelea. Aliposikia jina la Kivuva aliacha kuyakuna makovu yale.

"Nilitumwa," alisema.

"Na nani?"

Karanja akarudi kuyakuna makovu.

Nakhumicha akavuta kiti, akakaa kando yake badala ya kukaa mbele yake. "Sikiza, Karanja. Sitakupigia kelele. Nitakupa hesabu, uitazame mwenyewe. Mkinyamaza nyote wawili, kesho Shem Obuya anakwenda na shtaka. Nyinyi mnarudi nyumbani. Hiyo unaijua, si ndiyo?"

"Sijasema hivyo."

"Lakini wiki ijayo wakili atapewa amri, atataja mwenye kampuni. Siku hiyo Mungai atafanya nini? Atatafuta mtu wa kumbebesha. Na aliyeonekana kwa Kivuva akichukua pesa ni nani?"

Karanja akatazama mlango.

"Nyumba ikiwa yake, atasema ni yako. Simu ikiwa yake, atasema ni yako. Ubao ukiwa wake, atasema ni wako. Wewe ukisema kwanza, hawezi. Yeye akisema kwanza, wewe huwezi. Yuko chumba kile, na hesabu hii nimempa pia."

"Yeye hawezi kusema."

"Kwa nini?"

"Hawezi tu." Karanja akainamisha kichwa. "Inspekta, wewe unaongea kama tulikutana jana barabarani. Huyo mzee alinikopesha pesa ya mashine yangu ya kwanza. Nilipooa alisimama upande wangu. Ndiye alimshika mtoto wangu Shiru akibatizwa. Mtoto anamwita guka, babu yake."

"Kuria naye alikuwa nani kwako?"

Hilo Karanja hakulitarajia. Akaufunika mdomo kwa kiganja. Nje, mtu alikuwa akisukuma gari lililokataa kuwaka.

"Mkono wangu haukumgusa Kuria," Karanja alisema hatimaye. "Andika hiyo. Hiyo nyingine, niache mpaka kesho. Nilale nayo."

Nakhumicha aliifikiria kesho hiyo. Akimwacha aende nyumbani, aliyempasua Kuria fuvu angejua pa kumpata. Akimweka ndani peke yake na kumwachilia Mungai, Mungai angejua Karanja anashawishiwa aseme. Basi wabaki wote wawili, seli mbalimbali, kila mmoja akijua mwenzake yupo na asijue mwenzake anasema nini. Kama bahasha za Macharia. Akawaandikia wote walale.

*

Jua lilikuwa likizama alipotoka nje. Caren, mke wa Shem, alikuwa kwenye benchi la saruji na chakula cha mumewe kwenye bakuli lililofungwa kwa leso. Alinyanyuka mara moja.

"Wanamwachilia, Madam?"

"Bado. Kesho, nikipata ninachotafuta."

"Hata jana mlisema kesho." Caren hakuwa na hasira. Alisema tu. "Jirani wameanza kuniambia niende kwetu na watoto mapema. Wanasema yule wenu ameua mtu wetu. Nikienda, atasema nimemwacha. Nikikaa, sijui. Nifanye nini?"

Nakhumicha akanyoosha mikono. Akachukua bakuli. "Nitampelekea mwenyewe."

Seli zilikuwa tatu kwenye korido moja. Mungai alikuwa ya kwanza pamoja na walevi wawili, Shem ya pili na vijana waliokamatwa kwenye msako, Karanja ya tatu peke yake. Konstebo wa zamu alikuwa amesimama katikati, kofia ameivua.

"Anaomba, Madam," alinong'ona. "Yule mzee. Anaomba vizuri sana."

Sauti ya Mungai ilikuwa imejaa korido nzima, nzito na tulivu, ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya waumini.

"Baba, nawakabidhi wote walio humu ndani. Wape subira. Na zaidi nakukabidhi Shiru, mtoto niliyemshika kwa mikono yangu hii mbele ya madhabahu yako. Umlinde kesho asubuhi akienda shule. Maana wajua barabara ile ya kwao, Baba, magari ni mengi, na mtoto ni mdogo. Mpe baba yake hekima. Funga kinywa chake kisinene neno la kuwaangamiza walio wake."

Nakhumicha akatazama juu. Kuta za seli hazikufika kwenye dari. Juu yake kulikuwa na waya wa matundu tu. Alikuwa amezipita kuta zile kila siku. Aliwatenganisha watu wawili wasionane, akasahau kwamba wanasikiana.

"Nimnyamazishe?" konstebo aliuliza, ameona uso wake.

"Ameshasema."

"Amina," Mungai alisema. Walevi wakaitikia. Vijana wa seli ya pili wakaitikia, na sauti ya Shem ikiwa kati yao, ya mtu anayeitikia sala yoyote inayopita. Seli ya tatu haikuitikia.

Nakhumicha alimpa konstebo bakuli la Shem, akaenda hadi mwisho wa korido. Karanja alikuwa amesimama nyuma ya vyuma vya mlango, vidole vimevishika kwa nguvu. Alikuwa akimngoja. Aliinama mpaka mdomo wake ukawa karibu na sikio la Nakhumicha, na alipozungumza sauti haikufika hata kwa konstebo.

"Mtoe mtoto kwanza. Yeye na mama yake, usiku usiingie wakiwa nyumbani. Wapeleke mahali ambapo hata mimi sipajui."

"Halafu?"

"Halafu kesho asubuhi uje na karatasi. Uje mapema."

Kutoka seli ya kwanza Mungai alikuwa ameanza wimbo wa kanisa, taratibu, na walevi wakimfuata nyuma kwa sauti zilizopotea njia. Nakhumicha alikuwa amekwisha kugeuka, anatembea upesi kuelekea uani, ambako gari pekee la kituo lilikuwa bado linasukumwa.